Mashine Moja, Mafundi Saba

Karakana yetu iko Pasua, hapa Moshi, na tuko mafundi saba. Kila mtu ana benchi lake, randa zake na wateja wake. Mashine ya kupasulia mbao ndiyo ya wote. Tulichanga tukainunua ikiwa imeshatumika: meza ya chuma cha kuchomelea, shafti inayozunguka kwenye beringi mbili ikiwa imebeba msumeno wa duara, mota ya fezi tatu (ya umeme wa nyaya tatu) chini yake upande wa nyuma, na mikanda miwili ya kuizungusha. Kwa miaka miwili hakuna aliyeihudumia. Uvivu haukuwepo, kila mmoja aliamini kwamba aliyeitumia jana ameshaiangalia.

Milango ndiyo iliyonilazimisha niishike. Nilikuwa na oda ya milango sita ya saiprasi ya mteja wa Kiboriloni, na kila ubao niliopasua ulitoka na ukingo mweusi, umeungua, karakana nzima inanuka moshi. Nikiranda kuondoa weusi, kipimo kinapungua. Nikafungua msumeno, nikausokota kwenye gazeti niupeleke kunolewa. Meku, yaani mzee kwa Kichaga, ndivyo tunavyomwita fundi mkubwa kuliko sote pale, akanisimamisha mlangoni.

"Shikamoo, meku."

"Marahaba. Unaenda kunoa nini?"

"Msumeno umekufa, unaunguza mbao."

Akaufungua, akapitisha ukucha ubavuni mwa jino. Ukatoka na utomvu mweusi, mgumu kama lami. "Huu haujafa, mwanangu. Huu mchafu. Uoshe kwanza, pesa yako ibaki mfukoni."

Saiprasi na paini, ambazo ndizo mbao zetu za kila siku kutoka mashamba ya miti ya West Kilimanjaro, zina utomvu mwingi. Ncha za meno ya kabaidi, vile vipande vigumu sana vilivyoshikishwa kwa lehemu, ni pana kidogo kuliko bamba la msumeno, na upana huo ndio unaoliacha bamba lipite bila kugusa mbao. Utomvu ukijaa ubavuni, nafasi ile inakwisha, bamba linasuguana na mbao, linapata moto, na likishapata moto linatanuka na kuanza kuyumba. Fundi anasema meno yameisha, kumbe bado yana makali.

Nikauloweka msumeno kwenye beseni la maji ya moto kiasi na sabuni ya unga kama dakika 20, nikausugua kwa mswaki wa zamani. Utomvu ulitoka vipande vipande. Nikasuuza, nikaukausha palepale, nikaupaka mafuta membamba. Usikwangue kwa patasi, maana kabaidi ni ngumu lakini inakatika kama kioo. Na nimeshaona fundi akichoma utomvu kwa moto wa gesi. Tafadhali, usifanye hivyo. Bamba linapoteza mkazo wake, na lehemu iliyoshika meno inaweza kulegea. Jino likiruka kwenye mzunguko wa elfu kadhaa kwa dakika, huna pa kukimbilia.

Kabla ya kuurudisha nilifuta vizuri zile sahani mbili zinazoubana kwenye shafti. Punje ya vumbi iliyobanwa pale inatosha kuufanya msumeno uchezecheze. Nati nayo iliwahi kututesa, watu wakiipigilia kwa nyundo upande usio wake. Kwa kawaida inafunguka kuelekea upande ule ule msumeno unakozungukia. Ukilijua hilo, spana moja na kipande cha mbao cha kuzuia msumeno vinatosha.

Mashine ikawa nyepesi kusukuma, ila weusi ulibaki, na ulikuwa upande mmoja tu: ule unaotazama gadi, yaani upau tunaoegemezea mbao. Hapo nikajua kuna kitu kimepinda.

Meku akanionyesha namna ya kupima bila kifaa cha gharama. Nilichonga upapi unaoingia vizuri kwenye mfereji wa meza, ule unaotakiwa kwenda sambamba na msumeno, upande usio wa gadi, nikafunga skrubu kwenye kipande cha mbao juu yake ili kichwa chake kiguse jino moja la mbele. Jino hilo nikalitia alama ya chaki. Kisha nikazungusha msumeno kwa mkono hadi jino lile lile likafika nyuma, nikasukuma upapi ulifuate. Lazima liwe jino lile lile, kwa sababu ukibadilisha jino unapima tofauti za meno badala ya kupima mashine. Kule nyuma skrubu haikugusa. Karatasi moja ya daftari ina unene wa karibu milimita 0.1, nilipachika moja moja, zikaenea tisa. Karibu milimita 1! Sehemu ya nyuma ya msumeno ilikuwa imeegemea upande wa gadi, kwa hiyo mbao ilikuwa inabanwa kila inapopita.

Chanzo kilikuwa chini ya meza. Bolti za beringi ya upande wa puli, gurudumu linaloshika mikanda, zilikuwa zimelegea kwa mtetemo, na mikanda, ambayo inavuta kuelekea nyuma iliko mota, ilikuwa imeivuta beringi ile kidogo kidogo. Nikalegeza mikanda, nikaigotagota beringi kwa nyundo ya mbao, nikapima, nikakaza, nikapima tena. Hiyo ya kupima baada ya kukaza msiiache, maana bolti ikikazwa huburuta. Nilirudia mara nne mpaka karatasi mbili zikakataa kupita. Nikaongeza washa za springi, zile pete za kuzuia bolti zisilegee. Gadi nikaipima mbele na nyuma kutoka kwenye mfereji ule ule, kwa sababu msumeno ulionyooka na gadi iliyopinda ni hasara ile ile. Ubao wa kwanza baada ya hapo ulitoka mweupe pande zote mbili. Nilimwita meku auone.

Wakati wa kazi hiyo ndipo nilipopata hofu kubwa kuliko zote. Nilikuwa nimeshusha swichi kuu, mkono wangu uko kwenye nati, na mwenzetu mmoja akaja akaipandisha ili achaji simu. Swichi ya mashine yenyewe ilikuwa imezimwa, ndiyo maana bado nina vidole kumi. Sikumgombeza, yeye hakujua. Siku hiyo hiyo tulinunua kufuli la swichi kuu. Anayehudumia mashine anafunga na ufunguo unakaa mfukoni mwake, hata kama ni kubadilisha msumeno kwa dakika tano. Pia umeme ukikatika katikati ya kazi, swichi ya mashine inazimwa kabla mtu hajatoka kwenda kunywa chai. Mashine yetu ina swichi ya kawaida, umeme ukirudi inajiwasha yenyewe.

Tukarudisha na kisu cha nyuma, kile kibamba kinachosimama nyuma ya msumeno kuzuia mbao isiubane msumeno na kurushwa kwa anayesukuma. Kilikuwa kimetupwa kwenye kona kwa sababu mtu fulani alikiona kinamchelewesha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mashine za hatari ziwe na kinga, lakini kwetu hoja iliyowashinda watu haikuwa sheria. Meku alifungua shati, akaonyesha kovu la ubao uliomrudia tumboni ujanani. Hakuna aliyekitoa tena.

Masika yana mambo yake. Kuanzia Machi meza inapata kutu usiku mmoja ukiiacha na vumbi, kwa kuwa vumbi la mbao linashika unyevu. Tunafagia jioni, tunasugua kutu kwa msasa laini na mafuta ya taa, tunafuta, kisha tunapaka nta ya mshumaa na kuing'arisha kwa kitambaa. Mbao zinateleza vizuri ajabu. Msipake polishi zenye silikoni. Zinahamia kwenye mbao, na vanishi inakataa kushika. Chini ya meza tunapuliza vumbi kwenye mapezi ya mota ili ipumue, na skrubu ya kupandisha na kushusha meza tunaipaka nta badala ya grisi, maana grisi na vumbi vikichanganyika vinakuwa ugali. Grisi ni ya beringi, na kidogo tu.

Jambo jingine la fezi tatu: kila fundi umeme akigusa nyaya, tunawasha na kuzima mara moja bila mbao, tuone msumeno unazunguka upande gani. Ukizunguka kinyume, fundi anabadilisha nafasi za waya mbili kati ya zile tatu. Na mota ikiwa inaunguruma bila kuzunguka, zima mara moja. Huenda fezi moja imekosekana, na mota inaungua haraka sana.

Sehemu ngumu ilikuwa watu. Nilianza kwa kuwakumbusha kila siku, wakanichoka. Nikanunua daftari, nikalining'iniza kando ya swichi pamoja na upapi wa kupimia na chaki. Kila Jumamosi asubuhi kuna zamu, mtu mmoja, nusu saa, anaandika mambo matatu: karatasi ngapi zimepita nyuma, mikanda ikoje, msumeno umeoshwa au la. Anasaini. Kuona namba iliyoandikwa na mwenzako wiki iliyopita kunakufanya upime kweli, kwa sababu wiki ijayo kuna mwingine atakayeona yako.

Jumamosi iliyopita zamu ilikuwa ya dogo mwanafunzi, ana miezi minne tu kwetu. Aliandika: "Nyuma karatasi moja. Msumeno nimeosha. Mkanda wa ndani umeanza kupasuka." Kuna aliyesema tubadilishe huo mmoja. Meku akakataa: ukifunga mpya kando ya uliolegea, mpya ndio unaobeba mzigo wote na utakufa mapema. Tumechanga ya miwili.