Mabaka yanayohama mwilini: nilivyopata nafuu ya mwasho

Mwasho wangu ulianza kiunoni, pale mkanda wa sketi unapobana. Ukapanda mgongoni, kisha ukashuka hadi kwenye viganja na nyayo, ambako hata ukijikuna vipi hupati raha. Vilikuwa vinundu vilivyoinuka, vingine saizi ya punje ya mahindi, vingine vinaungana na kuwa baka pana. Kwenye ngozi nyeusi kama yangu wekundu hauonekani sana. Unachoona ni uvimbe, na ukipitisha mkono unausikia. Nasema hivi kwa sababu picha nyingi za ugonjwa huu, ambao madaktari huuita urtikaria, ni za ngozi nyeupe, na mtu anaweza kujitazama akadhani chake ni kitu kingine.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Morogoro. Kazi ya kushona haiendi na mwasho. Huwezi kunyoosha mshono huku bega linakuita.

Ushauri niliupata kila kona. Shangazi yangu alisema ni damu chafu, akaniletea majani ya mwarobaini nichemshe. Jirani akasema minyoo. Wateja kila mmoja na lake: acha dagaa, acha mayai, acha karanga, acha nyanya, acha pweza. Wote walinitakia mema, na baadhi ya vyakula hivyo kweli huwaletea watu mzio. Ila ukivikata vyote kwa pamoja unadhoofika, na mwisho wa yote hujui kipi kilikuwa na kosa.

Nikaamua kuandika. Kwenye daftari la vipimo vya wateja nilitenga kurasa za nyuma: nimekula nini na saa ngapi, jua lilikuwaje, nimevaa nini, nimemeza nini, mabaka yametokea wapi. Chakula hakikuonyesha mpangilio wowote. Dagaa waliokuja na mabaka leo, kesho walipita salama. Mambo mengine mawili ndiyo yalijitokeza. La kwanza, mabaka yalipenda sehemu zinazobanwa: mkanda, sidiria, hata shingoni ninapovaa futi siku nzima. La pili, jioni mbaya kuliko zote zilikuwa zile za kazi nyingi, msimu wa sare za shule, ambapo mgongo unauma na mafundi wote tunameza diklofenaki.

Na daftari hilo nikaenda hospitali. Daktari alikuwa kijana. Akaniamkia, "Shikamoo mama," nikaitikia, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Baka moja likitokea, linakaa hapo hapo kwa muda gani?" Akachukua kalamu ya wino, akazungushia duara baka lililokuwa kwenye mkono wangu, akaniambia niangalie kesho muda kama ule. Kesho yake duara lilikuwepo, ndani yake ngozi safi kabisa, na baka jingine limeota karibu na kiwiko.

Kipimo hicho cha kalamu kila mtu anaweza kukifanya nyumbani. Mabaka ya urtikaria huja na kuondoka. Kila moja kwa kawaida hutoweka ndani ya saa 24 bila kuacha alama, hata kama mapya yanaendelea kutokea kwingine. Baka likikaa pale pale zaidi ya siku, likauma badala ya kuwasha, au likaacha doa kama la kuvilia damu, huenda ni ugonjwa mwingine na linataka kuchunguzwa. Na kama mwasho umekaa katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, unazidi usiku, na watoto na mwenzako nao wanajikuna, fikiria upele wa kuambukizana. Huo una dawa yake, na nyumba nzima hutibiwa kwa pamoja.

Daktari akapitisha ncha ya ufunguo mgongoni mwangu, taratibu, mstari mmoja. Baada ya dakika chache mstari ukainuka kama uzi uliofumwa chini ya ngozi. Akanieleza kwamba ndani ya ngozi kuna chembe zinazohifadhi kemikali iitwayo histamini. Zikichokozwa zinaimwaga, mishipa midogo ya damu inatanuka na kuvuja majimaji, ngozi inavimba, na neva zinapeleka habari ya mwasho. Kwa wengine kinachochokoza ni chakula au dawa, kwa watoto mara nyingi ni mafua au maambukizi mengine. Lakini mabaka yakiendelea zaidi ya wiki 6, kama yangu, huwa ni sugu, na chakula ni nadra kuwa chanzo. Mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe inayozichokoza chembe zile. Mzio wa kweli wa chakula huwa haujifichi: unakula, ndani ya dakika chache hadi kama saa mbili mwili unajibu, na unajibu hivyo karibu kila unapokila.

Kisha akauliza dawa ninazotumia. Wengi wetu hatuhesabu vidonge vya maumivu kuwa ni dawa, lakini daftari lilikuwa limevihesabu. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni zinaweza kuyaongeza mabaka kwa baadhi ya watu wenye hali hii. Akanihamishia kwenye parasetamoli, na kwa mgongo akanishauri niinue kiti cha cherehani.

Tiba yenyewe ilikuwa rahisi, tena ya bei nafuu: setirizini ya miligramu 10, kidonge kimoja kila siku. Kila siku, si siku ya kuwashwa tu. Dawa hii huizuia histamini isishike mahali pake, kwa hiyo inafaa ikutwe tayari mwilini kabla mabaka hayajaanza. Piritoni, ambayo tulizoea kukimbilia, inasinzisha, na mimi nashinda na mkasi na sindano ya mashine. Baada ya wiki kadhaa nafuu ilikuwa nusunusu, daktari akaongeza kuwa viwili kwa siku. Kuna wanaopandishwa hadi mara nne ya kipimo cha kawaida, ila hilo ni la kuamuliwa na daktari, hasa kama una ujauzito au shida ya figo. Alinipima damu pia, pamoja na tezi ya shingo, kwa kuwa tezi yenye hitilafu huandamana na hali hii kwa baadhi ya watu. Kwa wale ambao vidonge vinashindwa, ipo sindano ya omalizumabu ya kila wiki 4. Ni ghali, na mimi sikuihitaji.

Nyumbani nilibadilisha machache. Naoga maji ya uvuguvugu bila kusugua na dodoki. Navaa dera la pamba, na mkanda wa sketi nimeutia mpira laini. Mwasho ukija naweka kanga iliyoloweshwa maji baridi na kukamuliwa, au napaka losheni ya kalamaini. Maji baridi hayawafai wale ambao baridi ndiyo inayowatoa mabaka. Krimu za kuchanganywa zinazouzwa sokoni bila lebo sizitaki hata kuziona: nyingi zina steroidi kali, zinachubua na kuikondesha ngozi, na mabaka haya hayaponi kwa kupaka.

Jambo moja naliomba kila mwenye mwasho alishike. Kope au mdomo kuvimba kunaweza kuambatana na mabaka haya, na kunataka ushauri wa daktari. Lakini ulimi ukivimba, sauti ikikauka, pumzi ikibana, ukatapika ghafla au ukahisi kuzimia, usimeze setirizini ukasubiri. Hapo kinachookoa maisha ni sindano ya adrenalini pajani, na inapatikana hospitali. Chukua bodaboda au teksi ukiwa na mtu wa kukushikilia, mwambie wa mapokezi moja kwa moja kwamba ni mzio na pumzi inabana.

Shangazi sasa ananiuliza kama damu imesafika. Namwambia damu haikuwa na tatizo, na ananisikiliza kwa sababu ananiona nalala. Nimerudi kwenye kidonge kimoja, dagaa nakula, mayai nakula. Daktari amesema hali hii kwa wengi huisha yenyewe, ingawa yaweza kuchukua mwaka au miaka kadhaa. Mabaka yakikaa mbali kwa miezi, tutaanza kuipunguza dawa taratibu, daftari likiwa mezani.