Moduli yangu ya Morogoro imeunganishwa na za wenzangu

Jumamosi iliyopita moduli yangu imeungwa na za wenzangu kwa mara ya kwanza, na mpaka leo nikikumbuka natabasamu peke yangu.

Kwa asiyejua, huku Minnesota ninakoishi tuna kikundi cha wapenda treni ndogo, wengi ni wazee waliostaafu, tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa. Kila mtu anatengeneza kisanduku chake nyumbani, ndiyo moduli yenyewe, chenye njia mbili za reli juu, halafu siku ya kukutana tunavipanga mezani, tunavichomeka kimoja kwa kingine na treni inazunguka kote. Mfumo wenyewe unaitwa T-TRAK, treni zake ni za skeli N, yaani kitu halisi kimegawanywa kwa 160.

Ndani ya kisanduku uko huru kabisa, mmoja wetu kaweka maghala ya mahindi, mwingine bandari ya Duluth na meli yake, hakuna anayekuhoji. Ila kwenye ncha hakuna uhuru hata kidogo. Reli ni za Kato Unitrack, kutoka katikati ya njia moja hadi katikati ya nyingine ni milimita 33, na kisanduku cha kawaida kina urefu wa milimita 308 wakati reli juu yake ni 310. Mi nikaona hizo milimita mbili za tofauti ni uzembe wa mtu tu, nikakata plaiwudi 310 kamili ili ilingane na reli, nikapaka rangi vizuri, kufika ukumbini reli zinakataa kushikana maana mbao zimeshagusana na rangi nayo imeongeza unene. Nikaelewa hapo hapo kwamba mbao inatakiwa irudi nyuma kidogo reli zitangulie. Nikarudi nyumbani kupiga msasa usiku mzima. Na waya pia, mpangilio wao ni bluu, nyeupe, nyeupe, bluu, mi nikafunga bluu nyeupe bluu nyeupe, tulivyowasha ikapiga shoti meza nzima ikazima. Hakuna aliyenifokea jamani, mzee mmoja kavuta kiti tukafungua waya pamoja.

Sasa kwa nini Morogoro. Nimekulia kule, nikisikia treni ya reli ya kati usiku, na nilitamani niitengeneze ile ile, ila reli ya zamani ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma, ukigawanya kwa 160 unapata milimita sita na kidogo, na reli ya skeli N ni milimita 9, haiingii. Nikapiga hesabu ya SGR, ile reli mpya ya umeme, upana milimita 1435, ikaja 8.97! Nilipiga kelele mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Basi nimetengeneza SGR, safu ya Uluguru nyuma nimeichonga kwa foamu, nguzo za umeme kwa waya wa shaba, na pembeni mkonge, nimekata karatasi vipande vya milimita 9 nikavipaka kijani cha kijivu, mche mmoja majani kama kumi na mbili, nimetengeneza miche 140. Mgongo uliniuma lakini ukiinama ukatazama kwa usawa wa reli unaona kabisa ni shamba la mkonge.

Treni iliyopita kwanza ilikuwa ya mizigo, mabehewa ya nafaka, imetoka Duluth ikaingia Morogoro, ikapita kwenye kiungo bila hata kutikisika. Yule mzee wa waya akauliza haya majani ni nini, nikamwelezea mkonge na kamba zake, akasema baba yake alikuwa akifunga majani makavu ya ng'ombe kwa kamba za hivyo.

Usiku nikampigia mama kwa video. Shikamoo mama, angalia. Akaangalia sana, akaitambua milima, halafu akauliza, "Baba, stesheni gani hii haina watu?"

Nimeshaagiza sanamu za watu, mmoja ana urefu wa sentimita moja hivi. Wa kwanza kuwekwa atakuwa mama mwenye kitenge na mizigo miwili.