Furu wangu na maji ya bomba

Maji yamerudi leo jioni baada ya siku nne, nimeyasikia kabla sijayaona, bomba la uani lilianza kukohoa hewa, alafu likatema maji ya kahawia kidogo, alafu likatulia. Mtaa mzima ukachangamka, ndoo zinagongana huku na huku. Mi nimeenda na kikombe, nikakinga kidogo, nikanusa. Dawa. Dawa hasa, ile harufu ya wodi iliyotoka kudekiwa sasa hivi. Zamani nisingenusa kitu, ningechomeka mpira bombani moja kwa moja mpaka kwenye tenki la samaki sebuleni, na ndo nilichofanya mwaka juzi, na ndo maana siku hizi nanusa.

Nafuga furu. Kwa asiye mtu wa Mwanza, furu ni vile visamaki vidogo vya Ziwa Victoria ambavyo wengi wetu tumekua tukivila vimekaushwa na kuvidharau kidogo. Nikimwambia mtu nafuga furu kwenye kioo ananiangalia kama nimemwambia nafuga mende. Lakini huyu dume akiamua kuvaa rangi zake, mgongo mwekundu, ubavuni njano yenye mistari myeusi, unaweza kuacha kuangalia mpira ukamwangalia yeye. Kuna aina moja ya hapa hapa kwenye ghuba yetu, ya kwenye miamba, wanasayansi waliipa jina la Mwalimu mwaka 1985, nyererei, na watu Ulaya wanaifuga kwenye matenki ya bei mbaya. Sisi tunaivua tunaifanya chambo.

Na wangu walitoka kwenye chambo kweli. Kuna mzee mmoja kule Luchelele anatega ndoano za sangara, chambo chake ni furu wazima, anawaweka kwenye dumu lililokatwa juu. Siku hiyo nilienda kununua samaki wa kula, nikachungulia kwenye dumu, nikaona kitu chekundu kinazunguka. Nikanunua kumi na mmoja. Mzee aliuliza naenda kuvua wapi, nikamwambia naenda kuwaangalia tu, akanyamaza, nadhani alinionea huruma.

Tenki nilitengenezewa na fundi wa madirisha ya aluminiamu, sentimita 90 kwa 35 kwa 40, inaingia kama lita 120 ukiacha nafasi juu. Likakaa vizuri miezi kama miwili. Alafu ikaja siku ya usafi.

Yani hapa ndo najilaumu mpaka leo. Nilikuwa naona maji yamekuwa na rangi ya chai nyepesi, kioo kina utelezi, sifongo ya kichujio imejaa uchafu wa kahawia, na wageni walikuwa wanakuja Jumapili. Nikasema leo tunafanya usafi wa maana. Maji yalikuwa yametoka asubuhi ile baada ya kukatika muda mrefu, presha kali, nikafurahi nikaona bahati. Nikatoa maji karibu yote, nikabakiza kina cha kiganja hivi. Sifongo nikaikamua chini ya bomba mpaka ikarudi rangi yake ya dukani. Mawe nikayasugua kwa brashi. Alafu mpira, moja kwa moja, tenki likajaa ndani ya dakika kumi, maji meupe peeee mpaka ukutani kwa nyuma unaona alama za rangi. Nikamwita mke wangu aje aone.

Walianza kupanda juu. Nikadhani wanafurahia maji mapya, kweli nilimwambia hivyo, "unaona wanavyochangamka?" Yeye ndo aliyesema, "Baba Eliza, hawa hawachangamki, hawa wanatafuta hewa." Midomo juu ya maji, mashavu yanafunguka na kufunga haraka haraka, dume langu jekundu limekuwa jeupe kama limepigwa bleach, na kwa kweli ndo kitu kilichokuwa kinatokea. Mmoja akalala ubavu. Alafu mwingine. Kulikuwa na jike lenye mayai mdomoni, hawa furu mama anabeba mayai mdomoni wiki mbili mpaka tatu bila kula chochote, na lile jike likayatema. Yalizama polepole yakatua kwenye mchanga, ya njano njano, kama punje za mtama. Hiyo picha haijanitoka.

Mpaka usiku walikufa nane.

Wiki iliyofuata nikarudi Luchelele, sina uso. Mzee akaniuliza wale wako wanaendeleaje. Nikamwambia nimewabadilishia maji wakafa.

"Maji gani?"

"Ya bomba, mzee."

"Ya bomba yanatoka wapi?"

"Ziwani."

Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo umewatoa ziwani, ukaenda kuwaua kwa maji ya ziwa nyumbani kwako." Alafu akaniuzia wengine watano, bei imepanda.

Sasa ile sentensi ndo ilinifanya nianze kusoma, maana alikuwa sahihi, haya maji ya bomba ni ziwa lile lile, yamevutwa pale chini, yakachujwa, yakawekwa klorini, yakapandishwa mlimani. Klorini haichagui. Inaua kijidudu cha kipindupindu na hapo tunashukuru, mama yangu miaka hiyo alikuwa anatia WaterGuard kwenye ndoo ya kunywa na sisi tunakunja uso, na leo tupo. Lakini samaki hanywi yale maji kwa kikombe, anapumua ndani yake. Yanapita kwenye mashavu yake sekunde zote, kwenye ngozi laini ambayo ndo pafu lake, na klorini inaichoma. Kiasi ambacho kwako ni harufu tu kwenye chai, kwake ni moto. Shirika la Afya Duniani wanataka maji yakifika bombani yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwenye lita, ili yasichafuke njiani, na kiasi hicho hicho kikiendelea kinatosha kumuumiza samaki mdogo.

Na kumbe kosa halikuwa moja, yalikuwa mawili. Ule uchafu wa kahawia niliokamua kwenye sifongo haukuwa uchafu wote, mle ndo walikuwa wanaishi bakteria wanaofanya kazi ya choo. Samaki anatoa amonia, ni sumu, kundi la kwanza la bakteria linaigeuza naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili linaigeuza naitreti ambayo samaki anaweza kuvumilia mpaka iwe nyingi sana. Hao bakteria wanachukua kama mwezi na zaidi kujijenga kwenye tenki jipya. Mi nimewaosha kwa maji ya klorini dakika tatu. Kwa hiyo hata wale watatu waliobaki walikuwa wamerudishwa kwenye nyumba isiyo na choo, na wiki mbili zilizofuata nilikuwa nabadilisha maji kidogo kidogo kila siku kama mtu anayemuuguza mgonjwa.

Mtu ataniuliza si uchukue tu maji ya ziwani. Nilijaribu. Madumu mawili ya lita 20 kwenye bodaboda mpaka huku mlimani, hela ya boda ni zaidi ya hela ya samaki, na kuyachota unaingia miguu ambapo kuna konokono wa kichocho, na pale ufukweni karibu na mji maji yenyewe siku nyingi ni ya kijani kama mboga. Mara moja nilileta na vidudu vya ajabu vikaganda kwenye mapezi. Nikaacha.

(Na hiyo kijani ni msiba mwingine. Majike ya hawa furu wa miamba wanachagua dume kwa rangi, maji yakichafuka hawaoni vizuri, wanachanganyika tu, aina zinapotelea ndani ya nyingine. Watafiti waliandika hayo 1997. Watu wote wanamlaumu sangara, na sangara kweli alikula wengi baada ya kuletwa ziwani na binadamu, lakini sio yeye peke yake.)

Ninavyofanya sasa hivi ni hivi, na sio siri ya mtu. Kwanza sibadilishi yote, kamwe. Natoa robo, ndoo moja na nusu, kila wiki, kwa mpira mwembamba, navuta kwa mdomo alafu nashusha kwenye ndoo, na ndio, nimeshameza mara kadhaa. Sifongo naikamua ndani ya ile ndoo ya maji machafu yaliyotoka tenkini, sio bombani, inabaki na ukahawia wake na naiacha hivyo. Maji yale ya zamani mke wangu anamwagia mchicha, na mchicha wetu jirani anauulizia mbolea gani.

Maji mapya nayatoa kwenye simtanki la juu, sio bomba la uani. Hapo ndo nilijifunza kitu ambacho hakuna video iliyoniambia, maana wale wa kwenye video hawana mgao. Maji yaliyokaa kwenye simtanki siku mbili tatu klorini yake imeshaondoka yenyewe sehemu kubwa, harufu hakuna. Lakini siku maji yanapotoka, simtanki linajazwa upya, dawa imerudi yote. Yani siku mbaya kuliko zote ya kubadilisha maji ya samaki ni ile siku maji yametoka, ile ile siku ambayo kila mtu ana hamu ya kufanya usafi. Na masika ni zaidi, maji yakiwa na tope mengi yanahitaji dawa nyingi kuyasafisha.

Kwa hiyo siku kama ya leo nakinga ndoo mbili, naziacha wazi siku nzima na kale kapampu ka hewa kanatoa povu ndani. Saa 24. Klorini ya kawaida inapaa. Marekani kuna miji inatumia kloramini, yani klorini iliyounganishwa na amonia, hiyo ukiiacha wiki bado ipo, lazima dawa, ndo maana wenzetu kule kila mtu ana chupa yake ya kutibu maji. Hapa nikiwa na haraka natumia sodiamu thayosalfeti kuiondoa klorini. Wale waliofanya praktiko ya kemia kidato cha nne wanaijua, ndo ile ya kuchanganya na asidi mpaka alama ya X chini ya chupa ipotee, mi nilipata alama nzuri kwenye hilo swali na sikujua kwamba miaka ishirini baadaye itanisaidia na furu. Nilinunua kwenye duka la vifaa vya maabara, chumvi nyeupe hivi. Gramu 10 kwenye lita moja ya maji, alafu kijiko kikubwa kimoja cha huo mchanganyiko kwenye ndoo ya lita 20, koroga. Kinatosha klorini ya karibu miligramu moja kwa lita. Leo kwa harufu hii ningeweka viwili.

Kitu kingine ni ndoo. Ndoo ya samaki ni ya samaki. Nimeiandika kwa maka pen SAMAKI herufi kubwa pande zote mbili, na bado wiki iliyopita nimeikuta ina povu la Omo na soksi za Eliza. Sikugombana na mtu. Nimenunua nyingine ya rangi tofauti.

Leo lakini sitabadilisha chochote, hata kesho sijui. Tangu Jumatano jike moja halili, chakula kinapita mbele ya pua linakiangalia tu, na hapa chini ya kidevu pamevimba. Nimezima taa ya sebuleni nikalimulika kwa simu kwa pembeni, likafungua mdomo kidogo kama linatafuna, na nikaona ndani zile punje za njano zinageuka.

Ndoo mbili ziko koridoni zinatoa povu. Nimemwambia mke wangu akiamka asubuhi na mapema asizifulie.