Siku moja maishani mwangu: mishahara ilipotokea mapokezi

Saa 12 na nusu asubuhi. Niko ndani ya feri Likoni, nimebanwa kati ya mkokoteni wa madafu na mama mwenye ndoo ya samaki, simu inalia. Ni bosi wa ofisi moja ya uwakala wa forodha kule mjini. "Fundi, printa zako zimepagawa." Jana jioni mhasibu wa ghorofani alituma karatasi za mishahara, zikatokea chini mapokezi, mbele ya makarani na madereva. Hati za kontena nazo zikamwagika kwa mhasibu.

Saa 2. Nimefika, baada ya kupitia mahamri na mbaazi Mwembe Tayari. Swali langu la kwanza: stima ilipotea jana? Ilipotea saa 9, ikarudi baada ya dakika chache. Basi, nimeshajua.

Printa hizi mbili ni pacha, modeli moja. Kila ikiwashwa, printa huomba anwani, yaani namba yake ya mtandao, kwa rauta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, na karauta haka stima ikikatika husahau nani alipewa nini. Jana ya chini iliamka kwanza, ikapewa 192.168.1.101, anwani ambayo mpaka mchana ilikuwa ya mhasibu. Kompyuta haijui sura ya printa. Inajua anwani na mlango wa 9100, ile namba ya kupokelea kazi za kuchapa, basi. Ni kama posa iliyopelekwa nyumba ile ile, kumbe bi harusi alishahama.

Na aliyeziacha kwenye anwani za kugawiwa ni mimi, mwaka jana, siku niliyokuwa na haraka ya kuwahi feri. Bosi sikumwambia.

Saa 3. Nimechapa ukurasa wa mipangilio wa kila printa, nikanakili anwani yake ya MAC, ile ya herufi na tarakimu 12 ambayo haibadiliki. Ndani ya rauta nimezihifadhia 192.168.1.20 na 21, nje ya fungu linalogawiwa wengine. Kisha nikazima rauta makusudi mara tatu, nikiwasha printa kwa zamu tofauti. Hazikutikisika.

Saa 5. Kompyuta ni 9, na kila moja ilikuwa ikizungumza na printa kivyake. Nimeweka foleni zote za kazi za kuchapa kwenye mashine moja inayokaa wazi siku nzima, wengine wapitie huko. Kazi ikikwama, inafutwa mahali pamoja. Ila mashine hiyo ikizimwa ofisi nzima haichapi, kwa hiyo nimeibandika karatasi: USIZIME. Nilidhani ni kazi ya saa moja. Lakini tangu Microsoft ilipoziba PrintNightmare, tundu la usalama kwenye uchapaji wa Windows, mwaka 2021, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuvuta draiva, ile programu ya kuendeshea printa, kutoka mashine nyingine bila nywila ya msimamizi, nami nikazunguka meza zote 9 kwa miguu, ngazi juu, ngazi chini.

Kwa mhasibu nimewasha uchapaji wa namba ya siri: kazi inalala ndani ya printa mpaka mwenyewe aende abonyeze tarakimu 4.

"Mwanangu, nitazikumbuka kweli?"

"Mamangu, za M-Pesa unazikumbuka. Lakini usiweke hizo hizo."

Saa 8. Karatasi za mapokezi zinakwama. Hapo hakuna mtandao wala nini: rimu imeachwa wazi dirishani, imekunywa unyevu wa bahari mpaka imejikunja. Nimeifungia kabatini, nikaweka mpya.

Saa 11. Bosi amelipa, tena amenishukuru, nami nimeangalia viatu vyangu. Karani wa mapokezi akanisindikiza hadi ngazini.

"Kaka, zile karatasi za jana, tarakimu zake nazo zaweza kuwa zilichanganyika?"

"La, ni anwani tu."

Akanyamaza kidogo. "Basi yule dereva mpya kweli ananipita kwa elfu tano."