Jiwe jeusi la Menengai: wiki ya tatu

Niliokota jiwe hili kwenye korongo lililochimbwa na mvua, katika mtelemko wa Menengai, mlima wa volkeno, unaotazama mji wa Nakuru. Linatosha kiganjani, jeusi tititi, na jua lilipolipiga lilimeta kama kioo. Pale lilipovunjika pana mawimbi ya duara, moja ndani ya jingine, kama mistari ya ganda la kome. Ukingo ulinikata kidole gumba. Damu niliiona kabla ya kusikia maumivu.

Nilianza na majina matatu: obsidiani, yaani kioo cha volkeno, kipande cha chupa nene iliyoungua, au mavi ya chuma, yaani taka inayobaki chuma kikiyeyushwa. Hilo la mwisho alinipa fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu. "Dada, haya tunayamwaga hapa kila siku," akasema, akaniazima sumaku ya spika kuukuu. Haikushika hata chembe. Ila si mavi yote ya chuma hunaswa na sumaku, kwa hiyo sikumfutia jibu lake.

Wiki ya pili nilipima uzito na ujazo. Mizani ya jikoni ilisema gramu 186. Nikaweka alama ya kalamu kwenye jagi la maji, nikalizamisha jiwe, kisha nikanyonya maji yaliyopanda kwa sindano ya mililita 20 mpaka yakarudi kwenye alama. Jumla mililita 78. Ukigawanya unapata 2.38, na obsidiani huwa kati ya 2.3 na 2.6. Nilifurahi kweli, mpaka nikakumbuka kwamba kioo cha chupa ni karibu 2.5.

Usiku nikazima taa na kusimamisha ukingo mwembamba mbele ya tochi ya simu. Weusi ukageuka kijani chenye moshi. Kijani! Rangi ya chupa hasa. Nililala na wasiwasi.

Jibu limekuja wiki hii, kwa lenzi niliyoazima kwa fundi wa saa. Ndani ya kioo kuna punje nyeupe, ndogo kuliko chembe za chumvi, zenye nyuso bapa. Hizo ni felspa, fuwele zilizoanza kukua ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, kabla haijalipuka. Lava iliyobaki ilipoa upesi mno, haikupata muda wa kuunda fuwele, ikaganda kuwa kioo. Chupa haina punje za namna hiyo. Halafu upande wa chini una vitundu vinavyoongezeka kidogo kidogo, mpaka jiwe linafanana kabisa na lile la kusugulia visigino, wala huoni mahali pa kiungo. Ni obsidiani. Na kijani kile hakinitishi tena, kwani lava za huku zina sodiamu na chuma kingi, na kioo chake huonekana hivyo kikiwa chembamba.

Jana nilipita Hyrax Hill, kilima alichochimba mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, kutazama zana za obsidiani za watu wa kale. Zana huwa na makovu mengi ya kuchongwa yaliyopangana ukingoni. Langu lina mvunjiko mmoja tu, tena mpya. Lingekuwa na makovu hayo, ningelirudisha korongoni na kuwaarifu watu wa makumbusho.

Jumamosi napanda tena, nifuate korongo kwenda juu mpaka nione mwamba lilikobanduka.