Jioni Niliyofungwa Mkononi

Sikio langu la kulia lilianza kufa taratibu, nami nikaona ni uzee umebisha hodi mapema. Simu nikaihamishia kushoto. Mvumo uliokuwa ukinilia kichwani usiku nikausingizia feni. Ilikuwa mpaka siku niliyopepesuka nikitoka kuoga ndipo mke wangu alipokataa visingizio, na kipimo cha MRI kikaonyesha uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia, pale unapokaribia ubongo. Haukuwa saratani. Aina ile hukua polepole, pengine kwa miaka, lakini ulikuwa umekaa mahali pabaya: mshipa wa kusikia na ule unaochezesha uso hupita pamoja katika tundu jembamba la mfupa, na uvimbe ukiachwa ukakua hulisukuma shina la ubongo. Nikavuka kwa boti kwenda Muhimbili, nikapasuliwa nyuma ya sikio pale MOI, taasisi ya tiba ya mifupa na ubongo, nikarudi Unguja na roho yangu.

Sikio lile halisikii tena kabisa. Uso upande wa kulia ulilala, jicho likawa halifumbi. Mchana nalitia matone, usiku nalibandika plasta. Daktari alinieleza kwamba mshipa wa fahamu, ukijaaliwa kuota tena, huota kama milimita 1 kwa siku, basi nivute subira. Asichonieleza, au pengine alinielezea upande usiosikia, ni kwamba mwenye sikio moja hajui sauti inatoka wapi. Mtu akiniita, nageukia ukutani. Honda ikipiga honi, nasimama nilipo na kumwachia Mungu. Na kwa kuwa mshipa wa mizani ya mwili nao uliondoka na uvimbe, macho ndiyo yanayonishikilia. Kiza kikiingia nayumba kama mlevi, mimi ambaye pombe sijui hata harufu yake vizuri.

Kwa hiyo siku niliporudi barazani kwa mara ya kwanza, mke wangu aliniwekea sharti moja: Maghrib inikute nyumbani. Nikatoka baada ya Alasiri, mkono ukutani. Vichochoro vya Mji Mkongwe vina faida hiyo, ukuta hauko mbali.

Wenzangu walinipokea kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoniudhi. Walisimama. Mmoja akaniletea kiti cha plastiki, mimi niliyekalia baraza lile la mawe tangu sijaota ndevu. Dua zikasomwa. Muuza kahawa akanijazia kikombe nusu tu, na hata hiyo nusu ikanitiririka pembeni mwa mdomo mpaka kwenye kanzu. Wote wakatazama juu kana kwamba kuna ndege anapita.

Maalim akasogeza bao. Ni mwalimu wa chuo mstaafu, mkali wa bao kuliko wote mtaani kwetu, na hana huruma na mtu. Aliwahi kumfunga mkwewe mtarajiwa mbele ya washenga. Tukapanga kete, nyumba, yale matundu makuu yenye kete nyingi, zikakaa sawa, tukaanza kunamua, yaani kuingiza kete za akiba za ghalani moja moja. Nilicheza vibaya. Kichwa kilikuwa kizito, na baada ya zamu chache nyumba yangu ilikuwa imenona na iko wazi kabisa, kete yake mkabala nayo. Aitie moja tu, aizoe yote. Maalim akashika kete, akafikiri, akaenda kula kete zangu mbili kule kwenye kimbi, matundu ya pembeni.

Nikangoja kelele. Barazani kwetu mtu akiiacha nyumba namna ile watazamaji humtukana mpaka kaburi la babu yake. Sikusikia kitu. Nikadhani wanasemea upande wa sikio lililokufa, nikageuza kichwa kizima niwatazame. Hakuna mdomo uliokuwa ukitikisika. Wote wameinamisha macho kwenye kahawa zao.

Mchezo ule nikashinda. Wakanipongeza.

"Maalim," nikamwambia, "panga tena."

"Pumzika kwanza, baba. Umetoka kwenye mambo mazito."

"Mimi nimetolewa uvimbe, sikutolewa akili. Panga."

Kwa maneno yale, na ule mdomo wangu uliokwenda upande, nadhani nilionekana kichekesho. Kijana mmoja alishindwa kujizuia akacheka, kisha akaogopa. Maalim hakucheka. Alipandisha mikono ya kanzu, akapanga, na mara hii akanichezea kama alivyokuwa akinichezea zamani. Alinila nyumba mapema. Nikahangaika kujenga kushoto, akanikatia huko huko. Mbele yangu pakawa peupe na kete ghalani bado ninazo; nimefungwa mkononi, aibu anayofungwa mtoto.

Hapo kelele zikaja. Sikujua nani kasema nini wala kutoka wapi, lakini zilikuwepo. "Daktari katoa uvimbe au katoa nyumba?" Hilo nililisikia vizuri. Nikacheka, na mwingine akadakia kwamba hata kucheka nawachekea kwa mafungu, nusu leo nusu kesho. Kikombe cha pili cha kahawa kikaja kimejaa pomoni. Kiti cha plastiki kikachukuliwa na mtu mwingine, sikumwona nani, nami nikajibanza barazani.

Jua lilikuwa limeshaanza kuzama. Maalim akasema atanisindikiza, akanishika mkono wa kulia, tukaenda. Njia nzima alikuwa akizungumza. Nilihisi tu pumzi yake shavuni kule kusikojua pumzi vizuri, na kwa heshima nikawa nikiitikia: "Naam, Maalim. Naam. Bila shaka."

Asubuhi yake akabisha hodi kuja kuchukua shilingi elfu hamsini nilizokubali kumkopesha. Mpaka leo sijajua kama upande ule aliuchagua makusudi. Nilimpa thelathini.