Saa nne ya wapi? Kumbukumbu ya kunakili daftari zangu za Svalbard

Wiki ya 1

Hatimaye nimelishusha lile sanduku juu ya kabati. Ndani mna daftari tatu za mfukoni, kadi ya kamera, na soksi moja ya sufu ambayo sijui ilifikaje humo. Daftari nilizijaza nikiwa mwanafunzi Longyearbyen, mji wa Svalbard, visiwa vya Norway karibu na Ncha ya Kaskazini, nyuzi 78 kaskazini, kwenye chuo cha UNIS (Kituo cha Chuo Kikuu Svalbard) kilichoanzishwa 1993. Ripoti ya kundi tuliikabidhi zamani, majedwali yake safi kabisa. Hizi ni zangu mwenyewe: vipimo, michoro ya buti, na manung'uniko kuhusu uji.

Kilichonichokoza ni habari za msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Spitsbergen, kisiwa kikubwa cha Svalbard, mwaka 1921. Alikuwamo Charles Elton, mwanaikolojia Mwingereza, wakati huo kijana wa miaka 21. Miaka miwili baadaye yeye na mwanabotania Summerhayes wakachapisha mchoro wa viumbe, nani anamla nani, kisiwani Bjørnøya, kusini mwa Spitsbergen. Mchoro kama ule huanzia kwenye vidaftari vya namna hii, na vyangu vilikuwa vinaliwa na mende.

Wiki ya 2

Kurasa 31 zimeingia kwenye kompyuta. Zote ni za penseli, maana kalamu ya wino kule hugoma. Miandiko ni miwili: wa mkono mtupu, na wa mkono wenye glavu. Huu wa pili ni kama wa daktari aliyekasirika.

Kurasa ninazozipenda ni za barafu ya bahari, kwenye ghuba nyembamba ya Tempelfjorden. Unatoboa kwa keekee mpaka maji yapande, unaitoa nguzo ya barafu na kuilaza kwenye theluji. Hapo ni mbio: kitobo kila sentimita 10, kipimajoto ndani, soma, sogea, kabla hewa haijaharibu kila kitu. Mwenzako mmoja anaandika, mwingine amesimama na bunduki akitazama upeo wa macho, kwa sababu dubu hapigi hodi. Kisha msumeno, vipande vinaingia kwenye ndoo zenye vifuniko, vikayeyuke ndani tupime chumvi. Nambari za nguzo moja bado zinanifurahisha: juu nyuzi 9 chini ya sifuri, halafu joto linapanda kidogo kidogo hadi 1.8 chini ya sifuri pale barafu inapogusana na maji. Hapo ndipo maji ya bahari yanapoganda, na daftari langu lililojaa matope linakubaliana na vitabu.

Wiki ya 3

Nimekwama. Ukurasa baada ya ukurasa nimeandika "saa 4". Saa nne ipi? Mswahili akisema saa nne, jua limechomoza saa nne zilizopita au limezama saa nne zilizopita. Kule, kuanzia yapata Aprili 20 hadi wiki ya nne ya Agosti, jua halizami kabisa, na mimi sikuandika asubuhi wala usiku. Tena nilikuwa nafanya kazi na Wanorwe, ambao "saa 4" yao inaweza kuwa saa kumi yetu, ya jioni au ya alfajiri. Kwa hiyo majibu ni manne.

Picha zingeniokoa, lakini betri ya kamera ilikuwa inakufa kwa baridi, nikawa naichomoa na kuitia kifuani ipate joto. Kila ninapoirudisha, saa ya kamera inaanza upya. Picha zote zinadai zimepigwa usiku wa manane, Januari mosi.

Dada yangu akaniambia, "Kaka, si uandike tu saa nne, nani atakuuliza?" Nitajiuliza mwenyewe. Nataka kulinganisha vipimo vyangu na kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege wa Svalbard, na kosa la saa sita linaharibu kila kitu.

Wiki ya 4

Kivuli! Jua lisilozama huzunguka anga yote, takriban nyuzi 15 kila saa, kama mshale wa saa ya ukutani. Kwa saa za kiangazi za Norway, pale hufika kusini kamili karibu saa saba mchana. Picha ya kituo cha tatu inatazama kaskazini mashariki, mto wa barafu wa Tunabreen ukiwa nyuma ya ndoo. Ingekuwa saa nne asubuhi, jua lingekuwa kulia na vivuli vingelalia kushoto. Ingekuwa saa nne usiku, kinyume chake. Alfajiri ningekuwa nimelielekea jua lenyewe.

Nikaikuza picha. Kwenye theluji, mbele ya miguu yangu, kimelala kivuli changu mwenyewe, kofia na viwiko vimetanuka, kinaelekea moja kwa moja Tunabreen. Jua lilikuwa mgongoni, kusini magharibi. Saa kumi jioni! Mwenzangu alitaja saa kwa hesabu ya kwao nami nikaiandika kama nilivyoisikia. Nimekunywa chai mbili kwa furaha.

Wiki ya 5

"Saa 4" tisa zimepata majibu, na mbili kati yake kweli zilikuwa za Kiswahili. Zimebaki tatu zisizo na picha. Nimeziwekea alama ya kuuliza, kwa penseli. Soksi bado sijui ni ya nani.